Rangi Iliyobabuka kwenye Picha za Kompyuta: Ukuta, Brashi, Filta au Karatasi?

Mteja anayetaka bango la tamasha, nembo ya fulana au jalada la wimbo liwe na sura ya kitu cha zamani humaliza maelezo yake kwa sentensi moja, kisha mbunifu ndiye anayebaki mbele ya kompyuta akijiuliza uchakavu huo autoe wapi. Njia zilizozoeleka ni nne: kupiga picha ukuta au bati lililochakaa na kuuhamishia uchakavu wake kwenye kazi, kuchubua herufi kwa mkono kwa kutumia brashi, kuzalisha madoa na chembechembe kwa filta za programu bila picha yoyote, na kuchakaza karatasi halisi, kisha kuiingiza kwenye kompyuta kwa skana. Filta za simu ni njia ya tano, ambayo nitaigusa kwa ufupi kwa sababu haina mengi ya kujadiliwa.

Yatakayosemwa hapa yanatumika katika Photoshop, inayolipiwa kwa mwezi au kwa mwaka, na vilevile katika GIMP na Krita, ambazo hazina malipo, na Photopea, inayofanya kazi ndani ya kivinjari na kufungua faili za Photoshop. Sitalinganisha programu zenyewe, kwa kuwa katika kazi hii tofauti zake ni ndogo kuliko tofauti za njia, na anayeimudu GIMP hakosi chochote cha lazima.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza, ambacho kwa maoni yangu ni kizito kuliko vingine vyote, ni kama uchakavu una sababu. Rangi haiharibiki ovyo. Jua huidhoofisha gundi inayoshikilia chembe za rangi, ikapauka na kuacha unga kidoleni ukiigusa. Unyevu unaopanda ndani ya ukuta huisukuma kutoka nyuma hadi itoe malengelenge na kubanduka. Mikono ya watu huichubua karibu na kitasa, na bati huanza kushika kutu pale msumari ulipolitoboa. Hapa Dodoma, ambako mvua hunyesha hasa kati ya Desemba na Aprili na miezi mingine ni mikavu, uharibifu unaotawala ni wa jua na vumbi: rangi ya bluu hupauka ikawa kama maziwa upande unaopigwa na jua la alasiri, na matone ya mvua yanayodunda kwenye udongo mwekundu huupaka ukuta mkanda wa kahawia kuanzia msingi hadi karibu na usawa wa goti. Ukuta wa Tanga au wa Dar es Salaam huchakaa kwa namna nyingine, kwa ukungu mweusi na chumvi ya bahari. Mtazamaji huenda asiweze kuieleza tofauti hiyo kwa maneno, lakini ataihisi, na ndiyo maana picha za matofali ya maghala ya ughaibuni zinazopakuliwa intaneti huonekana kama nguo ya kuazima zinapowekwa kwenye tangazo la ngoma ya Kigogo kule Chamwino.

Kigezo cha pili ni udhibiti, yaani kama unaweza kuamua ufa upite wapi na kama unaweza kurudi nyuma mteja anapobadili mawazo. Cha tatu ni muda na gharama, kwa kuhesabu pia vifaa, bando la kupakulia na uzito wa faili kwenye kompyuta ya kawaida. Cha nne ni uwezo wa kazi kuchapwa bila kuharibika, kwa sababu kinachopendeza kwenye skrini kinaweza kuwa tope kwenye fulana. Cha tano ni haki ya kutumia ulichokitumia: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha na michoro, na kuikuta kwenye intaneti hakuifanyi iwe mali ya kila mtu.

Ili kila njia ipimwe kwa mzani uleule, kazi ya mfano ni moja: neno DODOMA kwa herufi nene nyekundu, juu ya usuli wa krimu, kwenye bango la A3. Neno hili ni mtihani mgumu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa lina D mbili na O mbili. Uchakavu ukijirudia mahali palepale kwenye herufi mbili zinazofanana, jicho hugundua papo hapo kuwa ni kazi ya mashine.

Jambo lililo la pamoja

Njia zote nne hukutana kwenye maski ya leya, leya ikiwa ni tabaka moja kati ya matabaka yanayolaliana kuunda picha. Badala ya kuzifuta herufi kwa kifutio, jambo ambalo likishafanyika na faili likafungwa haliwezi kutenguliwa, unaiwekea leya ya herufi maski: palipo na weusi kwenye maski herufi hufichika, palipo na weupe huonekana, na palipo na kijivu huonekana nusunusu. Herufi zenyewe hubaki nzima chini yake. Mteja akisema uchakavu umezidi, unarekebisha maski tu, na akitaka neno jingine kabisa, unabadili maandishi na kuiacha maski ilivyo. Kwa hiyo kuchagua kati ya njia hizi nne ni kuchagua mahali pa kuutoa weusi wa hiyo maski.

Njia ya kwanza: picha ya ukuta halisi

Dodoma haina upungufu wa kuta za kupigwa picha. Vibanda vilivyopakwa rangi za kampuni za simu na kupakwa tena rangi ya kampuni nyingine, mageti ya maghala ya Kizota, mbao za nyuma za malori, milango ya maduka ya zamani karibu na Soko la Majengo: kila kimoja kina historia ya rangi mbili au tatu zilizolaliana. Kinachohitajika ni simu yenye kamera ya wastani na adabu ya kumwomba mwenye mali ruhusa. Majengo ya serikali, kambi za jeshi na miundombinu ya reli visipigwe picha bila kibali, na katika mji wenye ofisi nyingi kama huu si vigumu kulielekezea jengo kamera bila kujua ni la nani.

Saa ina maana kubwa. Dodoma iko takribani nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na jua la saa sita mchana huwa juu sana karibu mwaka mzima, hata mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, likapita utosini kabisa. Mpiga picha za watu huikimbia saa hiyo, lakini mpiga picha za kuta huitafuta, kwa sababu mwanga unateleza kutoka juu ukiambaa na ukuta, na kila gamba la rangi lililojiinua hutupa kivuli chembamba chini yake. Ukitaka nyufa na magamba, piga saa hiyo mahali ambapo paa halifuniki ukuta. Ukitaka madoa na mpauko bila vivuli, subiri ukuta uingie kivulini. Kwa vyovyote vile, simu iwe sambamba na ukuta, si kwa kuinamisha, la sivyo upande mmoja wa picha utakuwa na magamba makubwa na mwingine madogo.

Kwenye kompyuta, picha hiyo huondolewa rangi, hupitishwa kwenye Levels ili weusi na weupe vitengane, kisha kwenye Threshold, amri inayogawa picha yote kuwa nyeusi au nyeupe kwa kufuata namba kati ya 0 na 255. Programu huanza karibu na 128. Isogeze juu na chini huku ukiangalia magamba yanavyoongezeka na kupungua, na ukiona weusi umeangukia mahali pasipotakiwa, igeuze picha kwa Invert. Matokeo hunakiliwa na kubandikwa ndani ya maski: katika Photoshop na Photopea unabonyeza Alt na kubofya kijipicha cha maski kabla ya kubandika, na katika GIMP unaichagua maski, unabandika, kisha unatia nanga kinachoelea. Kama unataka madoa yenyewe na rangi zake, si matundu tu, basi iache picha iwe leya ya juu: kwa Multiply, mojawapo ya namna ambazo programu huchanganya leya mbili, sehemu nyeupe hutoweka na mkanda wa tope hubaki juu ya krimu, na kwa Screen sehemu nyeusi hutoweka na mpauko hubaki juu ya nyekundu.

Kwa ukweli wa uchakavu, hakuna njia inayoipita hii. Udhibiti, hata hivyo, ni wa wastani, kwa kuwa ukuta hukupa ulichonacho wala hausikilizi maombi. Unaweza kuisogeza picha, kuikuza na kuizungusha, ila ukiigeuza juu chini ikiwa bado na vivuli, magamba yaliyojiinua yataonekana kama mashimo, maana macho yetu yamezoea mwanga utokao juu. Kipimo nacho kinahitaji uangalifu: ukuta wa mita nne ukibanwa ndani ya herufi ya sentimita kumi, magamba yake huwa unga, na neno huonekana limechapwa vibaya badala ya kupakwa na kubabuka.

Muda ni matembezi ya nusu siku na gharama ni ndogo mno. Haki ni zako mwenyewe. Kuhusu ukubwa, kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, wakati A3 kwa pikseli 300 kwa inchi inataka 4961 kwa 3508. Upungufu huo ni mdogo, na uchakavu huvumilia kukuzwa kuliko uso wa mtu. Njia hii inamfaa mwenye muda wa kutoka nje na anayejenga akiba ya picha zake, kwa sababu ukuta mmoja mzuri hutumika kwenye kazi nyingi.

Pembeni kidogo: miamba ya Kolo kule Kondoa, yenye michoro iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, si ukuta wa kuchukulia madoa. Wekundu wake uliofifia unavutia kweli, lakini kuukata vipande na kuugeuza uchafu wa nyuma ya tangazo la bia ni kuudharau.

Njia ya pili: brashi juu ya maski

Hapa mbunifu mwenyewe ndiye jua na mvua. Anachagua brashi yenye umbo la mchubuko, anaweka rangi nyeusi, anaichagua maski na kuanza kuzila herufi. Ukweli wa uchakavu unategemea kabisa kama anajua rangi huanzia wapi kubanduka. Anayejua huanza na kona: ncha za M, mguu wa A, ukingo wa nje wa O ambako bega la mpita njia lingegusa. Asiyejua hunyunyiza katikati ya herufi, na neno hubaki kama lililopigwa mawe.

Mtego mkubwa ni kujirudia. Kila brashi ni muhuri, na muhuri hauna ila sura moja. D ya kwanza ikipata ufa wenye umbo la mto na matawi yake, kisha D ya pili ikapata mto uleule, kazi imejifichua. Dawa ni kuruhusu programu ibadilishe pembe na ukubwa wa brashi kwa kila mguso, kutumia brashi tatu au nne badala ya moja, na kubofya badala ya kuburuta. Kuburuta huacha mkia wa alama zilizofuatana. Kubofya huacha majeraha yaliyo peke yake. Kalamu ya kidijitali inayohisi mkandamizo husaidia, lakini kwa kubofya, kipanya cha kawaida kinatosha.

Kwa udhibiti, njia hii ndiyo ya kwanza bila ubishi: jina la mdhamini linabaki safi, herufi iliyo karibu na uso wa msanii inaachwa nzima, na kila mguso unaweza kutenguliwa kwa kupaka weupe. Muda ndio bei yake, kwa sababu neno moja lenye herufi sita linaweza kula saa nzima, na bango lenye mistari mitano ya maandishi litakuchosha kabla halijakwisha. Brashi zenyewe hupatikana kwa wingi, na GIMP hufungua faili za abr zilizotengenezwa kwa ajili ya Photoshop. Soma masharti kabla ya kupakua, kwa kuwa nyingi zinazoitwa za bure ni kwa matumizi binafsi tu. Kwenye uchapishaji, usiikuze brashi kupita ukubwa wake wa asili, kwani kingo zake hulegea na kuwa ukungu. Inamfaa mwenye jicho la mchoraji, na kazi zenye maneno machache makubwa.

Njia ya tatu: filta peke yake

Unaweza kupata uchakavu bila kutoka kitini. Katika Photoshop, leya mpya hujazwa Clouds, kisha Difference Clouds mara kadhaa, kisha Add Noise, na mwisho Threshold. Katika GIMP, Solid Noise hufanya kazi ya mawingu, na ina kisanduku cha Tileable kinachowezesha kipande kimoja kuunganishwa na kingine bila kuonyesha mshono. Msingi wa hesabu za aina hii ni kazi ya Ken Perlin, mtaalamu wa Marekani aliyeichapisha mwaka 1985 na kupewa tuzo ya kiufundi ya Oscar mwaka 1997. Alikuwa akitafuta jinsi ya kuzipa picha za kompyuta sura isiyo laini mno.

Udhaifu wake ni kwamba filta haijui juu wala chini. Inachakaza kila mahali kwa kiasi kilekile, ukingoni sawa na katikati, na kwa hiyo DODOMA yetu hutoka ikiwa imeliwa sawasawa tangu D hadi A. Sura hiyo si mbaya. Ni sura ya muhuri uliokaukiwa wino, au ya vumbi lililotua. Haiwezi kuwa sura ya rangi iliyobabuka mpaka uisaidie. Namna ya kuisaidia ni rahisi na haitumiwi inavyostahili: kabla ya Threshold, weka juu ya mawingu yako leya yenye rangi inayobadilika taratibu kutoka nyeupe juu hadi nyeusi chini, kwa Multiply. Threshold itakapopita, weusi utakuwa mwingi chini na kupungua ukielekea juu, na miguu ya herufi italiwa kama ukuta unaoliwa na matone ya mvua. Mshale wa mabadiliko hayo ukiulaza pembeni, utapata upande mmoja uliopigwa na jua.

Udhibiti, basi, ni wa namba: huwezi kuuweka ufa mahali fulani, lakini katika GIMP unaweza kurudia matokeo yaleyale kwa kutumia namba ileile ya kuanzia (seed), na katika Photoshop unaweza kurekodi hatua zote zijiendeshe zenyewe kwenye kadi mia moja. Muda ni dakika chache, gharama hakuna, na swali la haki halipo. Kwenye uchapishaji, faida yake ni kutokuwa na ukomo wa ukubwa, mradi uzalishe uchakavu huo katika ukubwa wa mwisho wa kazi. Mawingu ya Photoshop hufuata pikseli, si karatasi, na yaliyoonekana makubwa kwenye picha ndogo huwa madogo kwenye bango. Inamfaa mwenye kazi nyingi zinazotakiwa kufanana, na mwenye haraka.

Njia ya nne: karatasi, msasa na skana

Chapa neno DODOMA kwa wino mweusi kwenye karatasi ya A4, ukitumia printa ya leza. Ya wino wa majimaji haifai, na sababu yake inaeleweka: wino wa maji hunywewa na karatasi, wakati unga wa leza huyeyushwa na kugandishwa juu yake, hivyo ukikunja karatasi unga huo hupasuka kwenye mkunjo na kudondoka. Ikunjue, ikunje upande mwingine, ipitishie msasa laini, bandika selotepu juu ya M na kuivuta kwa nguvu. Utaona ukingo wa herufi uking'oka kwa meno madogo yasiyo na mpangilio, na ndani yake kubaki vijisehemu vya kijivu ambavyo selotepu haikuvikamata. Hakuna brashi itakayokupa hilo. Anayetaka zaidi aitoe fotokopi, kisha fotokopi ya fotokopi, hadi herufi zianze kujilia zenyewe.

Ukweli wa uchakavu ni mkubwa, lakini ni wa aina yake: ni uchakavu wa kitu kilichochapwa, kama tiketi iliyokaa mfukoni au tangazo lililobanduliwa kwenye nguzo, si wa ukuta. D mbili hazitafanana kamwe. Udhibiti ni wa mkono na hauna kutengua, kwa hiyo chapa nakala kadhaa na uziharibu kwa viwango tofauti, kisha uchague. Asiye na skana ataipata kwenye steshenari, hasa zile zilizo jirani na vyuo, na amwombe mhudumu achague pikseli 600 kwa inchi, azime marekebisho ya moja kwa moja yanayosafisha karatasi, na kuhifadhi kwa PNG au TIFF badala ya JPEG. Kwenye kompyuta, picha hiyo hupitishwa kwenye Threshold na Invert kama ile ya ukuta, kisha hubandikwa kwenye maski ya leya nyekundu. A4 kwa kiwango hicho hutoa pikseli takribani 4960 kwa 7016, ambazo zinatosha A2 nzima kwa pikseli 300 kwa inchi. Kwa ubora wa kuchapwa, njia hii huizidi kamera ya simu. Haki ni zako, ilimradi fonti uliyoitumia unayo kihalali. Inamfaa anayependa kushika kazi kwa mikono, na asiyechukia kufagia meza baadaye.

Filta za simu

Snapseed ina filta iitwayo Grunge, na programu nyingine za simu zina zake. Ni za haraka na zinatosha kwa picha ya kuweka kwenye status. Hata hivyo, uchakavu wake huzama kwenye picha nzima, pamoja na sura za watu, na mara nyingi ukishahifadhi huwezi kuutenga na herufi.

Mchapaji anapoipokea kazi

Kigezo cha nne kinastahili kurudiwa, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia. Katika uchapaji wa skrini, ambapo wino husukumwa kupitia wavu hadi kwenye kitambaa, wino ama unapita kwenye kitundu ama haupiti. Hakuna wino wa nusu. Kijivu cha kwenye maski lazima kigeuzwe kuwa nukta au kiondolewe, na chembe ndogo mno huziba kwenye skrini au hazishiki kwenye kitambaa. Mashine za DTF, zinazochapa kwenye filamu na kuhamishia kwenye fulana kwa joto, huweka wino mweupe chini ya rangi, na palipo na pikseli zinazoonekana nusunusu weupe huo unaweza kuchungulia kama ukungu kwenye fulana nyeusi. Kwa hiyo njia yoyote inayoishia na Threshold, yaani ya kwanza, ya tatu na ya nne, iko salama zaidi kwenye fulana kuliko brashi laini, isipokuwa mwenye brashi naye aipitishe maski yake kwenye Threshold mwishoni. Anayefanya hivyo apunguze pia chembe ndogo, na amuulize mchapaji nukta ndogo kabisa anayoweza kuishika.

Bango la turubai lina shida nyingine. Mita 3 kwa 1, hata kwa pikseli 72 tu kwa inchi, ni pikseli 8504 kwa 2835, na picha moja ya simu ikivutwa mita tatu hubaki na takribani pikseli 34 kwa inchi. Hapo picha mbili au tatu za ukuta mmoja, zilizounganishwa kwa maski laini kwenye mishono, hufanya kazi ambayo picha moja haiwezi.

Kuchagua kwa kufuata hali

Kama una bango moja la tukio la hapa mkoani na siku mbili mkononi, nenda kwenye ukuta. Chukua mpauko wa jua na mkanda wa udongo, kisha urudi na brashi kusafisha yale ambayo ukuta umeyaharibu bila idhini yako, hasa tarehe, namba ya simu na jina la ukumbi. Mchanganyiko huo wa njia ya kwanza na ya pili ndio ninaouona ukiwafaa wengi, ingawa hautamfaa aliye na kazi ya kesho asubuhi.

Mwenye kazi ya kesho asubuhi atumie filta pamoja na mabadiliko ya rangi ya kutoka juu kwenda chini. Vivyo hivyo kwa mwenye vipeperushi, kadi na tiketi za tukio moja vinavyotakiwa kuwa na sura ya familia moja, kwa kuwa namba ileile italeta uchakavu uleule kila mara.

Kwa nembo au jina la msanii litakalotumika miaka mingi, saa ya ziada ya brashi si hasara. Nembo hutazamwa tena na tena, na kila mchubuko unapaswa kuwa pale kwa makusudi. Weka pia nakala safi isiyo na mchubuko wowote, kwa sababu nembo iliyochakazwa ikipunguzwa hadi ukubwa wa muhuri wa ofisi haisomeki. Lebo ya chupa ya mvinyo wa zabibu za Hombolo ingeangukia hapahapa, isipokuwa mwenye mvinyo akitaka sura ya karatasi ya zamani. Hapo printa ya leza na selotepu vitamtosheleza kuliko programu yoyote.

Asiye na kompyuta, mwenye simu pekee, asijizuie kuanza. Apige picha kuta, azihifadhi katika ukubwa kamili, wala asizitume kwa WhatsApp kama picha za kawaida kwa kuwa hubanwa na kupungua; azitume kama hati. Siku atakapopata nafasi ya kukaa kwenye kompyuta, au akifungua Photopea kwenye kivinjari, akiba yake itakuwa tayari.

Na kama kazi ni fulana za kikundi, anza na mchapaji kabla ya njia. Akikwambia anatumia skrini, chagua karatasi au ukuta na umalizie kwa Threshold. Akikwambia DTF, njia zote zinafaa mradi hakuna pikseli ya nusunusu. Kisha mpelekee faili la PNG lenye usuli mtupu, kwa ukubwa halisi wa kifuani, na pamoja nalo nakala ileile ikiwa juu ya rangi ya kitambaa, ili aone ni wapi kitambaa chenyewe kinatakiwa kuonekana kupitia michubuko.